Mume wa Malkia na Baba Yangu

Habari kwamba malkia wa ng'ambo anakuja Dodoma pamoja na mumewe niliipata kazini, kwenye foleni ya chai, na mwenzangu aliyesimama nyuma yangu hakusubiri hata nigeuke.

"Huyo mumewe ndiye mfalme?"

Nikamwambia hapana. Mwenye kiti cha enzi ni mwanamke, amekirithi kwa baba yake. Mume ni mume tu.

"Mume tu!" akasema, akaacha birika likimwaga chai hadi kwenye kisahani. "Sasa siku nzima anafanya nini?"

Wiki ile yote mji haukuwa na swali lingine. Magazeti yaliandika habari za mikataba, misitu na afya ya mama na mtoto, maana ziara ilikuwa ya kiserikali na nchi yao, ingawa ndogo na ya baridi, imetusaidia mambo mengi. Lakini watu walichotaka kujua ni mambo ya nyumbani. Je, ni kweli anatembea hatua mbili nyuma ya mkewe? Watoto wanaitwa kwa ukoo wa nani? Alitoa mahari, au alitolewa yeye? Mwendesha bodaboda aliyekuwa ananipeleka kazini Mtumba alisimamisha pikipiki pembeni ya barabara ili anifafanulie vizuri kwamba yeye asingeweza. "Hata wangenipa ikulu yote, dada yangu. Mwanaume utembee nyuma?" Nilimwambia hakuna aliyemwomba, awashe pikipiki, nimechelewa.

Mimi subira sina, najijua. Lakini safari ile kulikuwa na sababu. Mwanamume anayetembea nyuma ya mkewe nilikuwa namjua tangu nizaliwe. Ni baba yangu.

Kijiji chetu kiko upande wa Chamwino. Ukipita Buigiri unaiacha lami, unaingia kwenye vumbi, na baada ya mwendo mfupi unaanza kuona mizabibu. Shamba letu babu mzaa mama alimwachia mama, mtoto wake wa pekee. Baba alifika pale kijana, kibarua wa reli, Mnyamwezi wa Tabora mwenye sanduku moja la bati. Akampenda mama, akamwoa, kisha akafanya jambo ambalo kwa Wagogo halifanyiki: badala ya kumchukua mke ampeleke kwao, akabaki yeye. Akajifunza kupogolea mizabibu, akajifunza Kigogo, akala mlenda mpaka akausifia.

Sasa Mgogo na Mnyamwezi ni watani. Maana yake mmoja anaweza kumwambia mwenzake lolote, hata msibani, hata mbele ya wakwe, na anayeambiwa hana ruhusa ya kukasirika. Kwa mtu mwingine ingekuwa ugomvi. Kwa baba ilikuwa ni utani, kwa hiyo alitakiwa acheke. Walimwita bibi harusi. "Bibi harusi, umeamkaje?" wanaume walimsalimu akipita kilabuni, na yeye aliitikia kwamba ameamka salama, akicheka pamoja nao. Nilipokuwa na miaka kama kumi na miwili nilimkuta siku moja nyuma ya nyumba anapasua kuni tusizozihitaji, anapasua tu, shati limelowa mgongoni. Nikamuuliza zote hizo za nini. Akasema mvua inakuja. Ilikuwa mwezi wa saba.

Mwaka wa ziara ile, mdogo wangu wa mwisho alipata mchumba, mwalimu mmoja kijana wa huko Mlali, mpole, mwenye masikio makubwa. Siku ya posa ikapangwa, wiki mbili baada ya siku ambayo malkia angekuwa Dodoma. Na hapo ndipo mjomba mkubwa alipotamka. Huyu ni mtoto wa baba mdogo wa mama, na ndiye mkubwa wa ukoo. Alisema binti amezaliwa kwenye mji wao na amekulia kwenye mji wao, kwa hiyo wachumba wakipiga hodi, atakayeitikia ni yeye. Baba atatafutiwa mahali pa kukaa pamoja na waalikwa.

Waalikwa! Kwenye posa ya mtoto wake wa kumzaa! Nilipiga simu kijijini kwa hasira. Mama alikuwa hataki hata kulizungumza. Baba akaichukua simu, akaniambia nipunguze sauti.

"Nitakuwepo," akasema. "Kuwepo kunatosha."

Hakukumtosha. Nilisikia alivyovuta pumzi kabla ya kulisema.

Wakati huohuo ikaja barua ofisini: malkia akiwa Dodoma atatembelea kikundi cha wanawake wanaokausha zabibu, kwenye banda lililojengwa kwa msaada wa nchi yake. Kikundi chenyewe ni cha kijijini kwetu. Mwenyekiti wake ni mama yangu. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa pale, nasema Kigogo na Kiingereza changu kinapita, nikaazimwa kuwa mkalimani. Nilifurahi hadi nikanunua viatu.

Jumamosi nilikwenda kijijini na dada mmoja wa itifaki, mtu wa Kilimanjaro, msafi kuliko vumbi letu linavyoruhusu, kuwaandaa wenyeji. Kamati ya mapokezi ilikuwa chini ya nani? Mjomba, bila shaka. Wazee walikuwa wameshapanga kila kitu. Mgeni atavishwa mgolole, ile shuka ya wazee inayofungwa begani, atakabidhiwa mkuki, na atakalishwa kwenye kigoda, awe mzee wa kijiji. Mkewe atapewa kitenge na ungo wa zabibu.

Dada wa itifaki akainua kalamu. "Samahani wazee wangu. Mgeni rasmi ni Her Majesty. Siyo spouse wake."

"Sawa, tumesikia," wakasema wazee, naye akaandika kwamba wamekubali. Mimi niliyekulia pale nilijua hawajakubali chochote. Wamesikia, kama walivyosema.

Ndipo baba, aliyekuwa kwenye benchi la nyuma kabisa, akasimama. Sijui nini kilimsukuma. Kwenye vikao vya wazee hakuwa akisema mpaka aulizwe, na hakuwa akiulizwa.

"Kigoda ni cha mama huyo," akasema. "Mwenye nchi ni yeye. Mumewe hatakikalia hata mkimbeba."

Mjomba akapiga goti lake kwa kiganja. "Bibi harusi anawajua wenzake!"

Benchi zote zikacheka. Baba naye akacheka, akakaa. Mama, aliyekuwa mlangoni na orodha yake ya wanakikundi, hakucheka. Aliikunja ile orodha mara mbili, mara tatu, akaiweka kifuani. Kikao kikaendelea na suala la maturubai, na kigoda kikabaki pale pale kilipopangwa.

Siku zilizofuata kijiji hakikujitambua. Greda lilikuja likasawazisha barabara ambayo tumeililia tangu nikiwa shule ya msingi. Mawe yalipakwa chokaa. Amri ilitoka kwamba mbuzi wote wafungwe, na mbuzi wetu, ambao hawajawahi kufungwa na mtu, walilalamika kutwa. Dada wa itifaki akarudi kufundisha akina mama: usimpe malkia mkono mpaka akupe yeye, usimguse, usimuulize umri, usimuulize ana watoto wangapi. Bibi mmoja jirani yetu akauliza kwa upole, "Sasa tutasalimianaje?"

Wageni walifika asubuhi moja ya mwezi wa nane, upepo ukiwa ule wetu wa kiangazi unaobeba vumbi na mifuko ya plastiki. Magari yalikuwa mengi kuliko niliyoweza kuyahesabu. Malkia alishuka: mwanamke mfupi, mnene kiasi, viatu vya chini, mkono mmoja umeshikilia kofia isipae. Nyuma yake, hatua mbili kamili, mume. Mrefu, mwembamba, pua imeshaungua na jua la siku moja. Nikasikia kundi lote la watu likipumua kwa pamoja. Ni kweli! Anatembea nyuma!

Bibi jirani yetu hakusubiri kupewa mkono. Alimkamata malkia mikono yote miwili, akaitikisa, akamsalimu Kigogo, "Mbukwenyi! Mbukwenyi!" Mlinzi mmoja mwenye miwani myeusi akasogea. Malkia, bila kujitoa, akajibu, "Mbukwenyi!" kwa lafudhi ya ajabu, na akina mama wakalipuka. Nadhani aliagiza afundishwe garini. Mimi nilimpenda tangu hapo, siwezi kuficha.

Mama alimwongoza bandani. Siku nzima ya jana yake alikuwa akisema atasahau kila kitu, ulimi utamkauka. Alipofika kwenye trei zake za zabibu akasahau tu kuogopa. Akaeleza kwa nini trei hufunikwa chandarua, ni siku ngapi zabibu hukaa juani, namna ya kuzigeuza zisishikane. Nilitafsiri huku nikikimbizana na maneno yake. Malkia akaokota zabibu moja, akaitafuna, akatulia kidogo kwa raha. Akauliza ni nani anayepogolea mizabibu hadi ikazaa vile.

"Mume wangu," akasema mama, kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika kwa mtu aliyesimama karibu naye. "Mkono wake mwepesi kuliko wa mtu yeyote hapa kijijini."

Watu waliokuwa dirishani walisikia. Alikusudia wasikie.

Kisha tukaenda kwenye turubai, kwenye sherehe yenyewe. Kigoda kilikuwa katikati, juu ya mkeka mpya. Pembeni kulikuwa na kiti cha plastiki kilichovikwa kitambaa, cha malkia. Ngoma ikanyamaza. Mjomba akatoka mbele na mgolole begani kwake na mkuki mkononi, mzee mwenye umbo, anapendeza kweli, akamshika yule mume kiwiko na kumpeleka taratibu hadi kwenye kigoda.

Mume akakitazama kigoda. Akamtazama mkewe. Akaweka mikono nyuma na kusimama, anatabasamu.

Mjomba akamwonyesha kwa mkono: kaa. Yule bwana akainamisha kichwa kwa heshima, akabaki amesimama. Malkia naye amesimama. Na kwa kuwa wageni wamesimama, viongozi wamesimama, wazee wamesimama, sote tumesimama tunatazama kigoda kitupu. Mjomba akafikiri labda mgeni haelewi. Akamgusa bega na kulikandamiza kidogo chini, kama unavyomkalisha mtoto kanisani. Dada wa itifaki akafumba macho.

Mume akanigeukia. "Mwambie mzee nashukuru sana," akasema, "lakini hapo ni mahali pa mke wangu. Mimi nikikaa hapo, nyumbani hakutakalika."

Nikatafsiri. Akina mama wakacheka hadi wengine wakainama. Mjomba hakucheka.

"Mkuki hapewi mwanamke," akasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Mwanaume gani huyu anayekataa kiti?"

Maneno aliambiwa mgeni, lakini mimi nilijua yamepita wapi. Malkia, mumewe, msafara wote wakanitazama, wanasubiri mzee kasema nini. Nikawaambia kwa Kiingereza changu kizuri kuliko vyote kwamba mzee anasema ni heshima kubwa kuwapokea. Mheshimiwa mmoja wa serikali, aliyesikia yote mawili, akakohoa ndani ya leso yake.

Tukawa tumekwama. Nilimwangalia mjomba, na pamoja na hasira zangu nikamwona alivyo. Hawezi kumlazimisha mgeni, hawezi kurudi nyuma mbele ya ukoo wake na kamera zote zile. Amejifungia mwenyewe mlango na ufunguo hajui uko wapi.

Baba akatokea upande wa banda. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani, na mkasi wa kupogolea umesahaulika mfukoni. Alitembea bila haraka, akapita mbele ya viongozi, akafika kwa mjomba, akaunyakua mkuki kutoka mkononi mwake.

Walinzi wawili walikuja kwa pamoja. Nikaruka katikati, nikipiga kelele kwa Kiingereza kwamba hawa ni watu wanaoruhusiwa kunyang'anyana vitu. Mpaka leo sijapata tafsiri bora ya utani kuliko hiyo.

"Mtani!" baba akasema, mkuki ameushika kwa mikono miwili. "Nimekuteka mkuki. Utaukomboa, au niende nao Tabora?"

Kicheko cha kwanza kikatoka kwa wazee wenyewe, kwenye benchi la mbele. Maana kila Mgogo pale alijua sheria. Mtani akiteka kitu chako, humpigi wala humshtaki. Unakomboa, na anayetaja cha kukombolea ni yeye. Miaka yote ile utani ulikuwa fimbo ya kumchapia baba. Sikuwahi kumwona akiushika yeye.

Mjomba akamgeukia. "Unataka nini?"

"Nataka uupeleke mwenyewe, kwa mkono wako, kwa mwenye nchi. Na hiyo shuka umfunike mumewe. Huoni ngozi yake inaungua?"

Turubai lilitaka kuanguka kwa vicheko. Na mjomba, nilimwona, alipambana na uso wake akashindwa; akacheka naye, meno yote. Baba akamrudishia mkuki. Mjomba akajiweka sawa, akaenda kwa malkia akamkabidhi kwa mikono miwili na maneno marefu mazuri ya Kigogo, akamkalisha kwenye kigoda, kana kwamba ndivyo alivyopanga tangu mwanzo. Ukiangalia zile picha hutajua kama kuna kilichotokea. Malkia aliushika ule mkuki imara, wima, na ngoma ikarudi.

Mume alivishwa mgolole. Fundo halikukaa, likawa linamteleza begani, na baba akasogea akamfungia upya.

"Bwana huyu ni nani?" mgeni akaniuliza.

"Ni baba yangu," nikasema. "Ni mume wa mwenyekiti."

Yule bwana akaangaza uso wote. Akamuuliza baba, kupitia kwangu, amekuwa kwenye kazi hiyo muda gani. Baba akasema miaka thelathini na minne.

"Na ugumu wake ni nini?"

Baba akafikiri. Ni mtu wa kufikiri kabla hajajibu, hata ukimuuliza saa.

"Mke hana ugumu," akasema. "Ugumu ni mashemeji."

Sijawahi kutafsiri sentensi kwa furaha kiasi kile. Yule mume wa malkia alicheka hadi akashika bega la baba asianguke, akasema hata kwao, hata kwao ni hivyohivyo. Mjomba alikuwa hatua tatu kutoka hapo na alisikia. Akatikisa kichwa. Kisha mama na malkia wakatangulia kwenda kuiona mizabibu, wanaongea kwa mikono kwa sababu mkalimani wao alikuwa ameganda pale anawatazama wanaume wawili wakifuata nyuma, hatua mbili, mmoja na mgolole na mwingine na mkasi mfukoni, mikono yote minne imefungwa mgongoni.

Picha hiyo ndiyo iliyoenea. Taarifa ya habari ilionyesha mambo ya ikulu na sahihi za mikataba, sisi tukapewa dakika isiyofika. Lakini simu za watu zilijaa wale wanaume wawili. Ofisini kwetu akina dada waliwatumia waume zao bila kuandika neno. Wengine walikasirika, kaka mmoja wa kitengo cha manunuzi alisema huu ni mpango wa kutuharibia mila, akaulizwa yeye mila ya kupika ugali jioni anayofuata ni ya wapi. Bodaboda yule yule wa Mtumba alinisimamishia pikipiki tena. "Dada, yule mzee wa mkasi ni nani? Yule nimemkubali." Nilimwambia ni baba yangu, na siku hiyo sikumharakisha.

Kilabuni nako waliacha kumwita bibi harusi. Wakaanza kumwita Mume wa Malkia. Baba alisema cheo ni cheo, hakatai.

Nilifurahi, lakini kuna kitu kilikuwa kinaniuma, nikamwambia mama tukiwa tunageuza zabibu. Niliuliza kwa nini ilibidi mzungu avuke bahari na kutembea nyuma ya mkewe ndipo watu wamwone baba yangu. Mama hakuacha kugeuza.

"Mzungu hakufanya kitu," akasema. "Alisimama tu. Baba yako angeweza kumwacha mjomba wako aumbuke mbele ya nchi nzima. Angecheka hadi kufa kwake, na haki ilikuwa yake. Hakumwacha. Watu waliona hilo."

"Na mjomba aliliona?"

Mama akahamia trei nyingine. Mjomba hakuwa amefika kwetu tangu siku ile, na habari ya posa hakuwa ameifuta wala kuigusa. Alichotamka kilikuwa bado kimetamkwa.

Siku ya posa nilifika asubuhi na mapema nimejiandaa kupigana. Kutoka mjini hadi Buigiri nilikuwa napanga maneno, na mengine yalikuwa mabaya. Wazee wa ukoo walikuwa wameshakaa barazani, mjomba katikati. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Baba alikuwa mwisho wa benchi, upande wa waalikwa, amevaa lile lile shati la kanisani. Alikuwa amejinyoa hadi akajikata kidevu.

Sisi wanawake tulikuwa jikoni na mdogo wangu, mlango umeachwa wazi kidogo. Mdogo wangu alinishika mkono hadi pete yangu ikaniumiza. Wageni wa Mlali wakaingia uani, wakasimama kwa adabu, na mshenga wao akapiga hodi.

Hakuna aliyeitikia.

Akapiga ya pili. Nilichungulia. Mjomba alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe.

"Shemeji," akasema mwishowe, bila kuinua kichwa. "Watu wanapiga hodi."

"Nasikia," baba akasema. "Waitikie."

"Siwezi kuitikia hodi ya nyumba ya mtu." Mjomba akasogea kwenye benchi. Akasogea tena, na wazee wote wa upande ule wakalazimika kusogea, hadi pale katikati pakabaki wazi. "Siku ile ulinisitiri. Sina maneno mengi. Njoo ukae."

Baba alisimama. Nilidhani atakwenda haraka, lakini alikwenda polepole, kama mtu anayepita kwenye nyumba yenye giza asiijue vizuri. Akakaa. Mshenga, ambaye hakujua chochote na alikuwa na hotuba yake, akavuta pumzi na kuuliza kama inavyoulizwa:

"Hodi wenyeji. Sisi ni wageni kutoka Mlali. Tunaomba kujua, tumefika kwa nani?"

Baba yangu, ukimuuliza anakaa wapi, maisha yake yote alikuwa akijibu, kwa mama watoto. Hata hospitali aliandikisha hivyo. Sikuwahi kuona ajabu. Nilidhani ni namna yake ya kusema.

Akajisafisha koo.

"Karibuni," akasema. "Mmefika kwangu."

Mama aliangusha mwiko. Kabla sijamziba mdomo, akapiga kigelegele, kirefu, kile ambacho kwa utaratibu wetu hakipigwi mpaka maneno yote yaishe na binti aulizwe na akubali. Wanawake wote jikoni wakampokea. Kule uani watu wa Mlali wakadhani wamekubaliwa tayari, wakaanza kukumbatiana, mshenga akaikunja hotuba yake, na yule mwalimu wa masikio makubwa akakaa chini palepale kwenye vumbi na kulia. Hakuna mtu aliyepata moyo wa kuwaambia kwamba hatujaanza.